Maswali ya Nyumbani: Anza na Joto

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: nyumba ya kawaida, yenye jiko, ndoo na mita ya LUKU, ipunguzeje uharibifu wa mazingira bila kuongeza gharama? Hatukuzipanga kwa tarehe zilipofika, tumezipanga kwa uzito. Ndani ya nyumba, kinachochemsha, kinachokaanga na kinachopasha ndicho mlaji mkubwa. Vingi vinavyobaki ni chenji. Ndiyo maana maharage yametangulia.

Napika maharage mara tatu kwa wiki, watu sita, kwa mkaa. Jirani ananiambia ninunue sufuria ya presha ya umeme. Mama mkwe anasema LUKU itanimaliza. Nani yuko sahihi? Na kama sina hela ya presha kwa sasa, nifanyeje?
*Mama Wawili, Mbagala*

Jirani yuko sahihi, ingawa hofu ya mama mkwe ina asili yake. Yeye anafikiria jiko la umeme la sahani, lile linalowaka wati 1,500 au 2,000 huku mvuke wote ukipotelea hewani. Ukipika maharage juu ya hilo kwa saa mbili, uniti tatu hadi nne zimekwenda. Presha ya umeme ni mnyama mwingine. Ya lita 6 yenye wati 1,000 huwaka mfululizo dakika 15 hadi 20 mpaka ipande, kisha hujizima, na baada ya hapo huwaka kwa vipindi vifupi tu kushikilia joto. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku hula kati ya uniti 0.3 na 0.5. Kama LUKU ya 10,000 inakupa uniti 28, basi uniti moja ni kama shilingi 357, na sufuria nzima ya maharage haifiki 180. Kwa mkaa, nusu kilo hiyohiyo ikichemka saa mbili na zaidi inakula karibu kilo moja. Bei ya kilo mtaani kwenu unaijua wewe kuliko sisi.

Angalizo moja kuhusu LUKU. Mara tatu kwa wiki ni kama uniti 6 kwa mwezi. Kama uko kwenye daraja la bei nafuu la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na tayari unagusa 72, punguza kwanza mahali pengine (soma jibu la pili) ndipo uanze presha, usije ukapoteza bei nafuu kwa sababu ya maharage.

Presha ikisumbua, mara nyingi sababu ni hizi. Umeijaza kupita nusu: povu la maharage hupanda na kuziba valvu, kwa hiyo nusu ndiyo mwisho, hata kama ndani kuna alama ya juu zaidi. Mpira wa mfuniko haujakaa sawa: mvuke unavuja pembeni, presha haipandi, na chombo kinaendelea kuwaka bila kupumzika, utoe, uoshe, uurudishe ukizungusha kwa kidole mpaka uingie wote. Umeunganisha kwenye ekstensheni nyembamba ya bei rahisi pamoja na pasi: waya unapata moto, plagi inayeyuka. Wati 1,000 zinataka soketi ya ukutani. Na usitie nyanya wala ndimu mapema. Uchachu hukaza ganda la maharage, yatakaa dakika 50 badala ya 25. Nyanya ni za kwenye kuunga.

Kama hela ya presha haijapatikana, tengeneza kikapu cha joto, ambamo chakula kilichochemshwa hujimalizia kuiva bila moto. Tafuta kikapu kipana au boksi gumu lenye nafasi ya kuzunguka sufuria sentimita 10 kila upande, chini na juu pia. Jaza nafasi hiyo kwa nguo kuukuu, pamba ya mto wa zamani au nyasi kavu zilizoshindiliwa kiasi. Kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyonaswa humo ndani, kwa hiyo usikandamize mpaka pawe pagumu kama godoro la jela. Shona mto mnene wa kufunika juu. Mto wa juu ukiwa mwembamba kazi yote imeharibika, maana joto hupanda.

Wali: tia maji pungufu kwa robo ya unayotia kawaida, kwa kuwa hakuna yatakayokauka. Yakichemka dakika 5, funika, ingiza kikapuni, usiguse kwa dakika 45. Maharage: loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, chemsha kwa nguvu dakika 20 kamili ndipo uingize, yakae saa 3 hadi 4. Hizo dakika 20 usizipunguze. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko wa kweli. Joto la uvuguvugu haliivunji, na watu hutapika ndani ya saa chache. Makande ni magumu zaidi: chemsha nusu saa, saa 4 kikapuni, kisha rudisha motoni dakika 15. Chakula kikishaiva kitoe. Kikapu hakihifadhi chakula. Kikianza kupoa kinakuwa kitanda cha bakteria, na wali uliolala kikapuni ni wa kutupa.

Kwa nini tunaanza na mkaa? Tanuri la udongo la kienyeji hula kati ya kilo 6 na 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Ukiokoa kilo tatu za mkaa kwa wiki umeacha msituni kilo 18 hadi 30 za kuni. Ni hesabu hiyohiyo iliyofanya serikali izuie taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kupikia kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024. Na umeme wenyewe kwa Tanzania hutoka kwa sehemu kubwa kwenye maji na gesi asilia. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji peke yake limejengwa kutoa megawati 2,115.

Kila nikitoka nyumbani nachomoa chaja zote, lakini LUKU inaisha vilevile. Nina friji la mtumba, televisheni, king'amuzi, pasi na taa tano. Mwizi ni nani?
*Msomaji wa Nyamagana, Mwanza*

Chaja iliyobaki kwenye soketi bila simu hula kama wati 0.2. Mwezi mzima ni uniti 0.15, sawa na kuchemsha birika moja la umeme la lita 1.7 mara moja tu. Endelea kuzichomoa ukipenda, kwa usalama, ila usitegemee kuiona tofauti.

Mwizi unaweza kumkamata mwenyewe. Kwenye mita yako kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake imeandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni kwamba ikipepesa mara 1,000 (au 1,600) uniti moja imekwisha. Zima kila kitu nyumbani, chomoa na friji. Taa ikiendelea kupepesa, kuna kifaa umekisahau, au waya unavuja, au kuna mtu amejiunganisha kwako. Ita fundi umeme mwenye leseni. Ikitulia, washa kitu kimoja kimoja uhesabu. Kwenye mita ya 1,000, friji la wati 120 likiwa linanguruma hupepesa mara 2 kwa dakika, birika la wati 2,000 mara 33. Ukishaziona hizo 33 kwa macho yako, hutajaza birika tena kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Sisi tunalishuku friji. La mtumba lililochoka, likinguruma kwa zaidi ya theluthi mbili ya siku, hufika uniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi, wakati jipya la ukubwa wa kati lenye inveta (mota inayojipunguzia kasi) hula chini ya moja kwa siku. Kaa nalo saa moja, andika linapowaka na linapopumzika. Kama halipumziki kabisa, anza na mlango: bana noti ya elfu moja kati ya mlango na fremu, funga, vuta. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni, ubonyeze kwa kitambaa cha moto ili ulainike, pima tena pande zote nne. Ikishindikana, mpira wa kubadilisha unapatikana kwa mafundi. Kisha lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani na ufute vumbi kwenye nyaya za nyuma. Barafu ikizidi unene wa nusu sentimita iyeyushe kwa kuzima friji. Usiibandue kwa kisu, maana bomba la ndani likitoboka friji ndilo limekufa.

Fundi akikuambia kila mwaka friji linataka gesi, muulize inaenda wapi. Gesi haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa kupikia, inavuja. Azibe kwanza ndipo ajaze. Gesi ya R134a iliyo kwenye mafriji mengi ya zamani, uzito kwa uzito, hupasha dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa.

Na king'amuzi: vingi hata vikizimwa kwa rimoti hubaki vikila wati 5 hadi 10. Wati 8 kwa saa 20 kila siku ni karibu uniti 5 kwa mwezi. Hicho ndicho cha kuchomoa. Taa zako tano, kama ni LED za wati 9, ziache zipumue.

Tunawashia mkaa kwa vipande vya mifuko na chupa za plastiki kwa sababu vinashika haraka. Binti yangu ametoka shule akasema ni sumu. Je, kidogo tu kina madhara? Na mbadala wake ni nini?
*Baba Aisha, Tanga*

Binti ana haki. Plastiki inayowaka chini ya mkaa baridi haiungui yote, hutoa moshi mzito wenye chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na anayeinama kupuliza ndiye anayeuvuta. Mabomba na ngozi bandia vya plastiki iitwayo PVC ndivyo vibaya zaidi kwa kuwa vina klorini, na klorini motoni huzaa sumu kali iitwayo dioksini. Yanayobaki hugandia kwenye kigae cha jiko na kuendelea kufuka siku nyingine.

Tanga mna makumbi na vifuu vya nazi, kwa hiyo hamna shida. Chambua nyuzi za kumbi kavu mpaka zifumuke kama nywele, weka kiasi cha ngumi moja chini, juu yake vipande vitatu vya kifuu, kisha mkaa mdogo, mkubwa juu kabisa. Maganda ya machungwa yaliyokaushwa juani siku mbili tatu mpaka yavunjike kwa mkono yana mafuta ndani na hulipuka vizuri, matano yanatosha. Kosa la wengi ni kurundika mkaa mwingi toka mwanzo na kuziba hewa. Anza na kiganja kimoja, mlango wa chini wa jiko ukiwa wazi wote, ongeza ukishika. Ukishakolea, funga mlango ubaki ufa wa vidole viwili. Wengi huuacha wazi muda wote, na mkaa wa saa mbili unaisha kwa saa moja.

Chenga zinazobaki chini ya gunia usizitupe. Kilo 10 za chenga zilizotwangwa zikakandwa kwa uji mzito wa nusu kilo hadi kilo moja ya unga wa muhogo hutoa mkaa mbadala mzuri. Finyanga ukubwa wa yai, anika siku 4 za jua kali. Ukikata mmoja na katikati pakawa pana unyevu, rudisha juani, la sivyo utafuka moshi. Wengine hufungia kwa udongo kwa kuwa ni bure: unaungua, ila sehemu kubwa ya ulichofinyanga itabaki majivu.

Nilianza kutengeneza mboji kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Wiki ya pili imenuka, imejaa maji, na kuna mabuu. Mume wangu ametoa amri itoke. Nimekosea wapi? Naishi ghorofani, ua sina, nina roshani tu.
*Mama Salma, Kisauni, Mombasa*

Umetia taka za jikoni peke yake, na ndoo haina matundu. Maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na matunda yana maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Yakioza yanayaachia, hewa inakosa njia, na vijidudu vinavyoishi bila hewa vinachukua nafasi. Ile harufu ya yai viza ni yao. Mzee akitaka iondoke leo, mwombe wiki moja.

Mwaga vyote kwenye gazeti. Toboa ndoo kwa msumari uliopashwa moto: matundu ya upana wa kidole kidogo, chini kumi na mawili, ubavuni kila baada ya sentimita 10. Isimamishe juu ya vipande vitatu vya tofali, sinia chini. Weka sakafuni mwa ndoo tabaka la katoni zilizochanwa, unene wa vidole vinne. Sasa changanya ulichomwaga na vitu vikavu, bakuli moja la taka mbichi kwa mabakuli mawili ya vikavu. Vikavu ni maranda ya fundi seremala, majani makavu, trei za mayai, katoni bila selotepu. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa au rangi yaache hukohuko kwa fundi. Kamua konzi moja kwa nguvu: likitoka tone moja au mawili, sawa. Likichuruzika, ongeza vikavu. Likifumuka kama vumbi, nyunyizia maji.

Kuanzia hapo kila utakapotia taka, funika kwa vikavu unene wa vidole viwili mpaka isionekane hata ganda moja. Hiyo ndiyo dawa ya inzi, si mfuniko. Pindua kila siku ya nne. Ikinuka kama mkojo badala ya yai viza, tatizo ni jingine: naitrojeni imezidi, kwa kawaida kwa sababu ya samadi ya kuku au majani mabichi mengi, ongeza maranda tena.

Mabuu yaangalie vizuri kabla ya kuyahukumu. Meupe, madogo, yaliyochongoka upande mmoja ni ya inzi wa nyumbani. Yazike katikati ya mchanganyiko na uongeze vikavu. Ya kijivu au kahawia, bapa, yenye pingili, yanayofika sentimita 2, ni ya inzi-askari mweusi. Huyo akishakua hali chakula chako wala hatui mezani, na mabuu yake hula taka kwa kasi ya ajabu. Mwenye kuku chini atakushukuru.

Usitie mifupa ya samaki, mafuta, wala kinyesi cha paka. Vifuu vya nazi na kokwa za embe vitakaa miaka, viache. Maganda ya mayai yaponde. Majivu ni konzi moja kwa ndoo nzima, yakizidi yanafukuza naitrojeni hewani. Maganda ya ndimu na machungwa, kinyume na mnavyoambiwa, hayana tatizo yakikatwakatwa. Wanaoyachukia ni minyoo, nawe hufugi minyoo.

Ndoo ikifika robo tatu, acha kutia, anza ya pili. Ya kwanza iendelee kupinduliwa miezi mitatu hadi minne. Ndoo ndogo haipati joto kama rundo la mita moja kila upande, kwa hiyo mbegu za nyanya na tikiti hazifi humo, na zitakuotea kwenye makopo ya maua. Kujua kama imeiva, panda mbegu za mchicha kwenye kikombe cha mboji. Zikiota ndani ya siku tano na kusimama kijani, tayari. Zikiota za njano au zisipoota, rudisha mwezi mmoja. Kwenye chombo cha kupandia tia sehemu moja ya mboji kwa tatu za udongo, maana mboji tupu huunguza mizizi na hukauka kama kizibo.

Assalaam alaykum. Paa letu ni la bati, mita 8 kwa 7. Tuna tangi la lita 1,000. Fundi ametuwekea gata na "kichujio cha maji ya kwanza", lakini maji tangini bado yana taka na yananuka. Na je, tangi linatosha watu watano?
*Msomaji wa Fuoni, Unguja*

Waalaykum salaam. Hesabu ya mvua ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenu ni mita 56 za mraba, zipimwe chini kwenye ardhi, si kwa kufuata mteremko wa bati. Toa asilimia 20 ya yanayoruka na kumwagika. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika ni ya kawaida, inawapa karibu lita 900. Tangi linajaa kwa mvua moja, zinazofuata zinamwagika. Kwa watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja, lita 1,000 ni siku 10. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni siku zaidi ya 120, kwa hiyo mngehitaji lita 12,000. Msijidanganye kwamba tangi moja litawavusha. Litumieni kupunguza maji ya kununua wakati wa masika na vuli. Hela ikipatikana, la pili liunganishwe kwa chini na la kwanza.

Sasa taka. Maji ya kwanza ya mvua ndiyo yanayoosha bati: vumbi, majani, na kwenu Unguja, mifupa na uchafu wa kunguru. Ya kumwaga ni angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 28 kwa paa lenu. Tunashuku fundi amewawekea bomba la nchi nne lenye urefu wa mita moja. Hilo linabeba lita 8 tu. Nyingine 20 za uchafu zinaingia tangini. Mnahitaji mita tatu na nusu za bomba hilo, au mita 1.6 za nchi sita, au pipa dogo la lita 30 lililofungwa vizuri. Namna linavyofanya kazi: maji ya kwanza yanashuka kwenye bomba lililofungwa chini, likijaa, mpira wa tenisi unaelea na kuziba shingo iliyopunguzwa hadi nchi mbili, na maji safi yanapita kwenda tangini. Chini kabisa kwenye kizibo kuna tundu la milimita 3 hadi 4 linalodondosha polepole ili bomba liwe tupu kabla ya mvua nyingine. Tundu hilo likiziba kwa mchanga, bomba linabaki limejaa na mvua zote zinazofuata zinaenda tangini na uchafu wake. Kifungueni kizibo kila baada ya wiki mbili za masika. Kama hakifunguki kwa mkono, fundi amekigandisha kwa gundi; akate, aweke cha kuzungusha.

Harufu hutoka kwenye tope la chini na mwanga. Tangi liwe jeusi au lifunikwe, bomba la kutolea lianze sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, na la kumwagia ziada liwe na upana ule ule wa la kuingizia, likifunikwa wavu wa mbu. Gata iteremke sentimita moja kwa kila mita. Ikilala sawasawa, maji yanatuama na mbu wa dengi wanazaliana juu ya kichwa chenu. Ya kunywa yachemsheni.

Na jukwaa: lita 1,000 ni tani moja. Mbao hazibebi tani kwa miaka. Jengeni kwa matofali yaliyojazwa ndani, zege juu, kimo cha nusu mita ili ndoo ipite chini ya bomba.

Ile mifuko mbadala tunayopewa sokoni baada ya marufuku ya 2019, kweli si plastiki?
*Msomaji wa Arusha*

Ni plastiki. Mingi ile inayofanana na kitambaa ni polipropilini, iliyobanwa bila kufumwa. Kilichopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea. Hii inaruhusiwa kwa kuwa inaweza kurudiwa, kwa hiyo uzuri wake wote uko kwenye kurudiwa. Ukichukua mpya kila ukienda sokoni umetumia plastiki nyingi kuliko zamani, maana mmoja ni mzito mara kadhaa kuliko ule wa zamani. Usiuanike juani, jua huufanya uvunjike vipande vidogo. Kikapu cha ukindu hakina habari hiyo. Adui yake ni unyevu tu, kitundike, usikiweke sakafuni.

Dodoma maji ni shida. Naweza kumwagilia bustani kwa maji ya kufulia? Nilijaribu kwenye mchicha ukakauka kingo za majani.
*Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma*

Kingo kukauka ni chumvi. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu kwa wingi, na udongo wa mahali pakavu hauna mvua ya kuiosha. Isiposhuka chini ya mizizi, inajilimbikiza mpaka udongo unaganda kama sahani na maji yanakimbia juu yake. Tena mboga ya majani inayoguswa na maji yaliyofuliwa nepi si ya kula.

Yapeleke kwenye migomba na mipapai. Chimba shimo la mduara, upana mita 2, kina sentimita 60 hadi 80, udongo uurundike kuzunguka kama tuta. Jaza matawi chini, juu yake mabua na nyasi kavu mpaka kichuguu. Panda migomba minne juu ya tuta, mipapai kati ya mgomba na mgomba, nafasi ya mita moja. Maji ya kufulia yaingie shimoni chini ya nyasi, yasionekane kutuama. Nyasi zikizama ongeza, zitaoza na kuwa chakula cha migomba.

Maji ya kwanza yenye povu yaende shimoni, ya suuza mbili za mwisho ndiyo unaweza kumwagia miti mingine, kwenye shina, kamwe si kwenye majani. Yasilale ndooni zaidi ya siku moja, yananuka na kuzaa mbu. Siku ya kufua kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, yamwage chooni. Tumia sabuni ya mche badala ya unga kila inapowezekana, na mara moja kwa mwezi mpe kila mgomba ndoo mbili za maji safi kusukuma chumvi chini. Mvua za Desemba zikianza, ziache zifanye kazi hiyo zenyewe.